Ensoni, Utani na Kabaila wa Kuchekwa

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa tangu shule ya msingi kwamba nyani haoni kundule. Methali hiyo huandikwa ubaoni, hufafanuliwa na kutahiniwa, wala mwalimu haoni haya kuitamka. Hata hivyo, mwandishi akitunga riwaya ambamo mheshimiwa fulani anaachwa wazi kama nyani huyo, na majirani wakaangua kicheko, kazi yake huitwa matusi kabla ya kusomwa. Katika Kisii na Nyamira hukumu hiyo huongezewa hoja ya pili: kwamba mzaha wa chumbani ni uchafu ulioletwa na wageni, na kwamba Mgusii mwenye ensoni hausikilizi. Hoja hiyo inastahili kupimwa, kwa maana nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli.

Ni kweli kwamba Waingereza wana jadi ndefu ya riwaya za kuchekesha zinazowavua nguo makabaila wa mashambani. Henry Fielding, aliyekuwa hakimu mjini London, alichapisha Tom Jones mwaka 1749. Humo yumo Squire Western, mwenye ardhi anayetukana bila kituo, anayependa mbwa wake wa kuwinda na chupa yake, na anayetaka kumwoza binti yake kwa mrithi wa jirani ili shamba liungane na shamba. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1975, Tom Sharpe alitoa Blott on the Landscape. Mhusika wake Sir Giles Lynchwood ni mbunge anayepanga kwa siri barabara kuu ipitishwe katika bonde la mkewe, Lady Maud, ili fidia imwangukie yeye. Siri zake za chumbani mjini London ndizo zinazogeuka kuwa silaha mikononi mwa mke huyo na mtunza bustani wake, Blott. Sharpe huyo aliishi Afrika Kusini kwa miaka 10 na kufukuzwa na serikali ya ubaguzi wa rangi mwaka 1961. Kwa hiyo, alipowacheka wakubwa, alikwisha kuona ukubwa unavyoweza kudhuru.

Jambo la kuzingatiwa katika kazi hizo ni kwamba ashiki si lengo, bali ni chombo. Kabaila hujificha nyuma ya cheo, ukoo na ekari zake. Chumbani hana cheo. Anapokamatwa huko, jirani asiye na shamba humwona kuwa mtu kama yeye, na hofu huisha. Mbunge, barabara, fidia na shamba la mke ni mambo ambayo msomaji wa Keroka au Ogembo hahitaji kufasiriwa.

Je, ni kweli kwamba Mgusii hakuwa na mzaha wa aina hiyo? Mwanaanthropolojia Philip Mayer alichapisha mwaka 1951 makala mahsusi kuhusu utani wa marika ya Wagusii. Alionyesha kwamba watu wa rika moja waliruhusiwa, hata kutarajiwa, kutaniana kwa maneno ya ashiki ambayo mahali pengine yangekuwa kosa kubwa. Babu na mjukuu nao hutaniana kwa uhuru ambao baba na mwana hawana. Katika sherehe za jando, wimbo wa esimbore hutaja waziwazi yale ambayo siku nyingine hayatajwi. Wamisionari Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa walipofika mwanzoni mwa karne ya 20, waliyakuta hayo. Hawakuyaleta.

Basi ensoni haikuwa marufuku ya maneno. Ilikuwa kanuni ya nani asikie nini mbele ya nani. Neno lile lile lilikuwa kicheko kati ya marafiki wa rika na aibu kubwa mbele ya baba. Anayedai kwamba utamaduni ulikataza utani huo amekumbuka baba peke yake na kuwasahau babu na rika.

Hata hivyo, wapinzani wa riwaya za namna hii wana hoja moja nzito ambayo wahakiki hupenda kuikwepa. Wimbo huwachagua wasikilizaji wake, lakini kitabu hakiwachagui wasomaji wake. Mwalimu aliye na umri wa baba, akisimama mbele ya wasichana wa kidato cha tatu na kusoma kwa sauti ukurasa wa utani wa chumbani, huwa ameivunja ensoni kwa kweli, hata kama mtunzi hakukusudia. Kuwaita wazazi wanaolalamika kuwa washamba si uhakiki. Wazazi hao wanatetea kanuni yenye mantiki.

Kosa basi liko wapi? Liko katika kudhani kwamba kila kitabu cha Kiswahili ni lazima kiwe kitabu cha shule. Nchini Kenya soko la riwaya ya Kiswahili limeegemea mno vitabu teule vya mtihani, na matokeo yake ni kwamba mtunzi huandika akimwona mtahiniwa wa miaka 17 mbele yake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania, na kisa hicho kimebaki onyo kwa wengi. Wakati huo huo David Maillu alipotaka kumwandikia Mkenya mtu mzima kuhusu chupa na ashiki katika miaka ya 1970, vitabu vilivyompa jina, My Dear Bottle na After 4.30, vilikuwa vya Kiingereza. Mtu mzima akaachiwa Kiingereza. Kiswahili kikaachiwa watoto na mitihani. Hiyo ni hasara kwa lugha yenye tafsida nyingi na jadi ya nyimbo za vugo ambazo wanawake wa pwani huimba harusini.

Wala Ugusii haukosi kabaila wa kuchekwa. G. A. S. Northcote, ofisa wa kikoloni aliyechomwa mkuki na Otenyo kwa uchochezi wa Moraa mwaka 1908, alitoka katika ukoo wa kikabaila wa Uingereza. Vinywa vya wenyeji vilimgeuza kuwa Nyarigoti. Adhabu iliyofuata ilimwaga damu nyingi, na hiyo haichekeshi. Lakini nafasi aliyokaa haikubaki tupu. Wapo wenye cheo na mashamba makubwa ya chai katika nchi ambayo ardhi imegawanywa vipande vyembamba, na majirani zao huwasimulia jioni kwa sauti ya chini.

Sharti ni moja: kicheko kipande juu. Mzaha unaomvua nguo mwajiri ni fasihi. Unaomvua kijakazi wake ni udhalimu uliorudiwa. Fielding na Sharpe wenyewe hawakulitimiza sharti hilo kila mara, na hapo ndipo wasiigwe.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Kisii na Nyamira wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuhifadhi utani wa rika na wa babu kabla wanaoujua hawajatoweka. Ya pili ni kuandika riwaya ya watu wazima, iwekwe katika rafu ya watu wazima, ili kanuni ya ensoni ihamie kutoka uani hadi maktabani. Baba na mwana hawatakisoma kitabu hicho pamoja. Kila mmoja atakisoma na rika lake, kama ilivyokuwa desturi, na mheshimiwa atachekwa pande zote mbili.