Kazi za Work Study: Masharti Yawekwe Wazi

Kila muhula ukifunguliwa tunapigiwa simu na wanafunzi wa vyuo vikuu, na swali ni lile lile: hizi kazi za Work Study watu huzipata vipi? Wamemwona mwenzao akipanga vitabu maktabani au akifuta meza kwenye mesi, ila tangazo hawakuliona.

Mpango wenyewe ni mzuri. Mwanafunzi aliyekwama karo anapewa saa chache kwa wiki, nje ya vipindi vyake. Malipo si makubwa, na aghalabu huingizwa moja kwa moja kwenye karo. Masharti yanayotajwa hufanana: uwe umesajiliwa, usiwe na kesi ya nidhamu, na uthibitishe hali ya nyumbani kwa barua ya chifu, au cheti cha kifo kama mzazi amefariki.

Kwa vijana wetu jambo hili ni zito zaidi. Wapo wanaokataa mkopo wa HELB kwa sababu ya riba, asilimia 4 kwa mwaka. Kijana kama huyo akikosa basari, kazi ya chuo ndiyo mlango uliobaki.

Mimi nikisoma diploma nilijaribu mara mbili. Ya kwanza niliambiwa nafasi zimejaa. Ya pili fomu ilibandikwa Ijumaa adhuhuri, mwisho Jumatatu asubuhi. Barua ya chifu utaipata wapi wikendi, na chifu yuko Garissa nawe uko Nairobi? Baadaye nikasikia kuna waliopewa fomu wiki mbili kabla. Ushahidi sina, na hapo ndipo penye shida: masharti yasipoandikwa popote, hata aliyeonewa hana cha kuonyesha.

Kwa hivyo komredi, wacha kungoja fununu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo kikuu cha umma kimo humo. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, hulipi kitu kuliwasilisha, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Wakikunyima, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman.

Uliza nafasi ni ngapi, nani anachagua, uhitaji unapimwaje, malipo ni kiasi gani kwa saa, na aliyekataliwa analalamika wapi. Majina ya waliopata usiyaombe. Hizo ni siri zao, na utakuwa umewapa sababu ya kukunyima yote.

Ukipata kazi, zamu ya Ijumaa mchana izungumze kabla ya kutia sahihi. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake, lakini msimamizi ukimwambia saa sita kasoro siku hiyo hiyo, kosa ni letu.

Makatibu wa jumuiya za wanafunzi, barua hii iandikwe kabla ya wiki ya pili ya muhula, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hizo siku 21 mtazihesabu kuanzia lini?