Masafa ya Unguja na Maskati

Na Haji Makame

Juma lililopita shangazi yangu, binti wa nahodha, aliniletea tiketi ya mwanawe aliyealikwa arusini Maskati, akataka nimfasirie jambo lililomtia shaka: kwa saa zilizoandikwa pale, kwenda kulikuwa saa sita na dakika, na kurudi saa nne na dakika, hali njia ni ile ile. "Mwanangu," akaniuliza, "au yarudi na kaskazi?"

Nilimjibu kwamba kutoka Unguja hadi Maskati, kwa mstari ulionyooka, ni masafa ya kilomita 3,900 hivi, nayo ndege huyakata kwa saa tano na kitu, kwenda na kurudi karibu sawa. Ila saa za Maskati zimetangulia zetu kwa saa moja, basi aendaye huizidisha katika hesabu yake na arejeaye huipunguza. Aliridhika. Mimi swali lake lilinikaa moyoni, kwa kuwa aliipima njia ile kwa kipimo alichorithi kwa babaye, nacho ni upepo.

Majahazi ya Oman yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakiambaa pwani na kutia nanga Mogadishu, Lamu na Mombasa, yakarejea na kusi. Na hata kwa upepo mwema safari ilikuwa ya majuma matatu au manne. Seyyid Said mwenyewe, mwenye milki ya pande zote mbili, alipoondoka Maskati mwaka 1856 katika merikebu yake Victoria, alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba, Unguja ikapokea maiti.

Baharia aliyefika Malindi mwezi wa Januari hakuwa na budi kungoja upepo ugeuke, na katika miezi hiyo, ambayo leo tungeihesabu hasara, aliuza tende zake na papa mkavu, akanunua boriti za mikoko, akakopa na kukopesha, akajifunza lugha, na aghalabu akaoa. Udugu wetu na watu wa kule, hata leo ukasikia Kiswahili katika maduka ya Maskati, ulifumwa katika kungoja huko.

Binamu yangu amekatiwa siku nne. Siilaumu ndege, maana ni neema kubwa. Nalaumu sisi, tuliopewa njia fupi tukaifupisha na ziara, hata kijana akahudhuria arusi, akapiga picha, akarejea pasi na kuketi na ami ya mamaye, mzee wa pekee aliyesalia kule anayeyajua majina ya wazee wetu waliozikwa huku.

Nimemsihi shangazi aisogeze tarehe ya kurudi. Nawe msomaji, ukiwa na jamaa ng'ambo ile, ongeza juma moja katika tiketi yako, chukua daftari, ukaketi barazani na mzee wako angali anakumbuka.