Muhuri wa Asiyekuwepo

Anayetaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hutakiwa kwanza awe amefungiwa nyaya za ndani na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na fomu yake iwe na muhuri wa mkandarasi huyo. Kwenye karatasi, utaratibu umekaa sawa. Mtaani mambo huenda kinyumenyume. Nyumba hufungwa umeme na fundi aliyeelekezwa na jirani, kijana hodari pengine, lakini hana leseni. Kazi ikiisha, plasta imekauka na rangi imepakwa, ndipo hutafutwa mwenye muhuri. Mchoro huchorwa, fomu hujazwa, wanapatana bei, muhuri unagongwa. Aliyeugonga huenda hajui hata nyumba iko upande gani wa barabara. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelisema kwa kunong'ona. Gharama ya kuunganishiwa umeme hutangazwa na kila mtu anaijua, ila bei ya muhuri inajadiliwa kama ya fungu la nyanya.

Wengi wakilizungumzia hili huishia kwenye lawama: mkandarasi ana tamaa, fundi ni mjanja, mwenye nyumba anabana matumizi. Lawama hizo zina ukweli wake, lakini zinaruka kiini cha tatizo. Si kosa fundi mmoja kuithibitisha kazi ya mwenzake. Daktari husoma picha ya eksirei aliyopiga mwingine, na mhasibu hukagua vitabu ambavyo hakuviandika yeye. Kosa ni kwamba muhuri mmoja unachukuliwa kuwa jibu la maswali mawili yasiyofanana: nani alifunga, na nani alipima. Mkandarasi mwaminifu anayeitwa kwenye nyumba iliyokwisha kufungwa anabaki na njia mbili tu, aikatae kazi au ajifanye ni yake. Akiikataa, mteja atampata wa kujifanya kabla jua halijazama. Utaratibu usio na mahali pa kuandikia ukweli hauwezi kushangaa ukiletewa uongo.

Uongo huo si wa kiofisi tu. Watu wengi huamini kwamba taa ikiwaka na feni ikizunguka, kazi ni nzuri. Lakini taa huwaka kwa nyaya mbili, na ile ya tatu, ya ethi, haina kazi yoyote inayoonekana mpaka siku ya hatari. Soketi inaweza kuwa na matundu matatu ukutani, lile la juu likawa halina kitu nyuma yake, na friji ikagandisha barafu miaka kumi bila kulalamika. Hata ethi ikiwepo, kuwepo kwake peke yake hakutoshi. Tuchukulie rodi ya ethi, ya shaba, imepigiliwa kwenye udongo mkavu wa kichanga, na ukinzani wake ni omu 40. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, umeme utakaopita kwenda ardhini ni volti 230 ukigawa kwa 40, yaani ampia zisizofika 6. Sakitibreka ya ampia 20 kwenye kisanduku itauona huo kuwa mzigo wa kawaida, kama pasi ndogo. Haitakata. Bodi ya friji itabaki na umeme, ikimngoja mtoto anayetoka kuoga na miguu mibichi. Kinachoweza kumwokoa ni ile swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30 tu, kama ilifungwa, na kama ni nzima. Tena hapa kuna mtego: kitufe cha kujaribia swichi hiyo hufanya kazi hata pale ambapo nyumba haina ethi kabisa. Unakibonyeza, inakata, unaridhika, na bado hujui lolote kuhusu rodi iliyo nje.

Ndiyo maana jicho halitoshi na sifa za fundi hazitoshi. Ethi hupimwa kwa mashine. Mpira unaofunika nyaya hupimwa kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizokatiwa umeme, na matokeo yakiwa chini ya megaomu moja kuna mahali pamechubuka au pameingia maji. Vipimo hivi havitaki kujua nani alifunga nyaya. Mkandarasi wa pili akifika na vifaa vyake anaweza kuvifanya vyote, akafungua kisanduku, akafungua soketi moja baada ya nyingine, akatazama kama waya wa milimita za mraba 1.5 unaofaa taa umepelekwa kwenye soketi za jikoni.

Asichoweza kukijua ni kile kilichozikwa. Waya uliopitishwa kwenye plasta bila bomba, kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu katikati ya ukuta, leo vinaweza kufaulu kila kipimo na kuanza kupata moto mwaka ujao, jiko la umeme litakaponunuliwa. Kwa hiyo mtu wa pili ana haki ya kuandika, "siku hii nilipima hivi na nikakuta hivi," na hana haki ya kuandika zaidi ya hapo.

Uingereza, ambako plagi zetu za pini tatu bapa zilitoka, ilikwisha kukutana na jambo hili hili. Cheti chao cha kazi mpya kina nafasi tatu za sahihi: ya aliyesanifu, ya aliyefunga na ya aliyepima. Mtu mmoja akifanya yote husaini zote, lakini nafasi zenyewe zinakumbusha kwamba kazi ni tatu. Na kwa fundi asiyesajiliwa, mwongozo uliotolewa huko mwaka 2013 unaruhusu athibitishiwe kazi na mtu wa tatu aliyesajiliwa, kwa sharti kwamba mtu huyo ateuliwe kabla kazi haijaanza. Kazi ikiisha, fundi humwarifu ndani ya siku 5, naye hukagua, hupima, na akiridhika hutoa ripoti ya hali ya nyumba, si cheti cha kudai kwamba alifunga yeye. Neno "kabla" ndilo lenye uzito wote. Aliyeteuliwa mapema anaweza kuja siku ambayo mifereji ya ukutani bado iko wazi, na hapo kile ambacho mashine haikioni, macho yanakiona.

EWURA na TANESCO hawahitaji kuiga kila kitu cha Waingereza ili kuchukua hilo moja. Fomu iwe na jina la aliyefunga, awe na leseni au asiwe nayo, na jina la aliyekagua pamoja na tarehe mbili: ya ukuta ukiwa wazi na ya kazi ikiwa imekamilika. Namba za vipimo ziandikwe.

Najua nitakachojibiwa kwanza: gharama. Mkandarasi akija mara mbili na mashine, atataka zaidi ya bei ya muhuri. Ni kweli atataka. Lakini mwenye nyumba tayari analipa, na anacholipia sasa ni wino. Pia itasemwa kwamba ukaguzi upo, kwa kuwa savea wa TANESCO hufika kabla ya mita kufungwa. Yule huja kutazama umbali wa nguzo na mahali mita itakapokaa, na hata akiingia ndani hatabomoa plasta ya mtu. Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni la vijijini, ambako wakandarasi ni wachache na nauli ya kumleta mmoja inaweza kuzidi ujira wake. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili, Wakala wa Nishati Vijijini amekuwa akisambaza kifaa cha UMETA, kinachokuja kikiwa tayari na swichi na soketi zake, na hilo linapunguza mzigo. Kwa nyumba kubwa zaidi, mkandarasi mmoja anaweza kukagua nyumba kadhaa za kijiji kwa safari moja, ilimradi ratiba ijulikane kabla kuta hazijafunikwa.

Kuna wanaohofia kwamba kumtaja fundi asiye na leseni ni kumchongea. Mimi naona leo ndipo anapoonewa. Anafanya kazi miaka na miaka, nyumba zake zinaandikwa kwa jina la mwingine, na siku akitaka kuomba leseni hana karatasi hata moja ya kuonyesha alichofanya. Akiwa na rundo la fomu zenye jina lake na vipimo vilivyosainiwa na mtu mwingine, atakuwa na ushahidi bora wa kazi ya mkono wake kuliko cheti chochote cha kozi ya wiki mbili. Na nakala ya kila fomu ikibandikwa ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi, fundi atakayeitwa miaka 8 baadaye kuongeza soketi ya jokofu ataanza kwa kusoma: ethi ilikuwa omu ngapi, nani alipima, lini. Kisha atatoa mashine yake, apime tena, aone kama rodi bado inafanya kazi au imeshaliwa na kutu.