Waliambiwa lugha yao ni takataka, wakaijengea shule

Juzi nilipost kitu kwa Sheng, msee akakomenti: "Hiyo si lugha, ni takataka. Andika Kiingereza kama umesoma." Komenti ikapata laiki kibao. Sawa. Leo nawaletea stori ya watu walioambiwa maneno kama hayo zaidi ya miaka mia iliyopita.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na lugha yao ya nyumbani, Kiyidi. Ni mchanganyiko: Kijerumani cha kale, Kiebrania, lugha za Kislavoni, na inaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Juu ya huo mchanganyiko, hata Wayahudi wenyewe, hasa wale waliosoma, waliiita "jargoni". Yaani mtu amenyonyeshwa na kubembelezwa kwa lugha hiyo, akishapata digrii anaionea haya. Si unawajua watu kama hao?

Mwaka 1908 waandishi wao walikutana mji wa Czernowitz, wakabishana vibaya sana, mwishowe wakatangaza kwamba Kiyidi ni lugha ya kitaifa ya Wayahudi. Mmoja wao alikuwa I. L. Peretz.

Sasa twende Winnipeg, Kanada. Huko kulikuwa na wahamiaji wa Kiyahudi, wengi mafundi wa nguo na wachuuzi, watu wa kuhesabu senti. Mwaka 1914 wakafungua shule ya Kiyidi. Si ya dini, bana. Watoto walifundishwa historia ya watu wao, fasihi na nyimbo, kwa lugha ya nyumbani. Peretz alipofariki 1915, shule ikapewa jina lake. Kufikia 1920 haikuwa tena ya jioni pekee. Watoto walikuwa wanasoma hapo mchana kutwa.

Na msiniambie serikali iliwabeba. Mwaka 1916 jimbo lao la Manitoba lilifuta shule za umma za lugha mbili. Hawa hawakukaa chini kulia. Akina mama waliunda chama chao, wakachangisha pesa, wakaanzisha hadi darasa la watoto wadogo.

Hapo ndipo wengi mngetaka nimalizie, mpige makofi. Ngoja kwanza.

Miaka ya 1980 shule hiyo iliunganishwa na nyingine ya Kiyahudi, na enzi ya Kiyidi pale ikaisha. Nini kilitokea? Ulaya, Wanazi waliua Wayahudi milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidi. Pigo kama hilo hakuna shule ingeweza kuliziba, na simlaumu mtu hapo. Lakini Winnipeg Wanazi hawakufika. Pale, watoto waliosoma Kiyidi walikua, wakazaa, wakaongea Kiingereza sebuleni. Mwalimu akabaki anafundisha darasani lugha ambayo mtoto haisikii kwa mamake.

Ndio maana hizi posti za "tuokoe lugha zetu" zinanichosha. Tunangoja wizara, tunangoja silabasi, na nyumbani mtoto anaambiwa "speak properly".

Nami sijitoi. Shule niliyosoma, ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni hadi umnase mwenzako. Nililaumu shule hiyo miaka mingi, na bado naona ilikosea. Lakini nilimaliza kitambo. Hakuna mtu amenivalisha kibao tangu hapo, na bado shosho akinipigia simu namjibu kwa Kiswahili. Yeye ndiye anajikaza kunifuata, na umri wake wote huo. Hiyo si shule tena. Hiyo ni mimi.

Na kama unadhani mambo yameisha, Melbourne, Australia, kuna shule inaitwa Sholem Aleichem College. Ilifunguliwa 1975, miaka 30 baada ya vita, na hadi leo watoto wanafundishwa Kiyidi. Kuna wazazi waliokataa tu.

Kwa hivyo wewe wa komenti: Kiyidi pia kiliitwa uchafu juu kilichanganya. Sheng yangu sitafuta.

Na ninyi mlionipa moyo hapo chini, asanteni, lakini sitaki laiki. Pigieni shosho zenu leo usiku, muongee lugha yao, hata mkikosea. Wacheke.