Kabla ya Kununua Simu, Uliza Kazi Yake

Mwezi huu watu wengi wametusimamisha njiani na swali moja: "Mwalimu, nina pesa kidogo, ninunue simu gani?" Swali ni zuri. Lakini kabla ya kujibu, lazima tukiri kosa letu sisi wenyewe, ili nanyi msilirudie.

Sisi walimu watano wa kujitolea tulichanga posho zetu kwa miezi minne. Tulitaka chombo cha intaneti cha kutembea nacho, shule hii mpaka ile, ili wanafunzi wa Senior 4 wasome na waombe nafasi za masomo. Wawili wetu wakaenda Mbarara. Dukani wakaona tableti nzuri, kioo kipana, bei ileile ya simu. Wakalipa, wakapanda boda, wakarudi wanacheka. Jioni tukaizunguka kama mtoto mchanga. Ndipo mmoja akauliza, "Sasa laini inaingia wapi?" Tukageuza huku, tukageuza kule, wapi! Ilikuwa tableti ya Wi-Fi peke yake, na pale shuleni kwetu Wi-Fi hakuna.

Siku ileile msichana wetu mmoja alikuwa na saa chache tu za kutuma ombi lake la masomo. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Tukakimbia kwa jirani mwenye simu kubwa, atugawie intaneti. Simu yake ilikuwa imezima, na mwenye sola ya kuchajisha alikuwa ameshafunga. Asubuhi tulipopata chaji, muda ulikuwa umepita. Msichana akangoja mwaka mzima. Hakutulaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Muuza duka hakutudanganya. Ni sisi hatukuuliza. Tangu siku ile tunauliza maswali mawili kabla ya yote: chombo hiki kitafanya kazi gani, na kitapata chaji wapi?

Kama kazi ni kupiga, kupokea na kutumiana pesa, simu ndogo ya vitufe inatosha. Betri yake ni ndogo, mara nyingi kama mAh 1,000 hivi, lakini kwa kuwa kioo ni kidogo na intaneti haipo, inakaa siku kadhaa. Mama anayengoja kupigiwa na ofisi juu ya faili la familia, hiyo ndiyo simu yake. Simu nzuri iliyozima haipokei habari njema.

Kama kazi ni kusoma, kutuma fomu, au kusikia sauti za watoto walio mbali kwa WhatsApp, hapo unahitaji simu kubwa ya Android. Angalieni haya:

Moja, umri wa simu. WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android 4, kwa hiyo simu kuukuu ya bei rahisi inaweza kuwa hasara tupu. Hata simu za vitufe za KaiOS, zilizokuwa na WhatsApp zamani, tangu mwaka 2024 haziwezi kuipakua upya. Mtu asikuambie eti utaipata nyumbani. Ifunguke palepale mbele yako.

Mbili, nguvu. RAM isipungue GB 2, na nafasi ya kuhifadhi isipungue GB 32, maana ya GB 16 inajaa upesi kwa picha na video. Betri ya mAh 5,000 ni nzuri. Mkinunua pawabenki ya mAh 10,000, msitegemee itaijaza simu hiyo mara mbili. Nguvu nyingine inapotea njiani.

Tatu, mtandao. Nenda na laini yako mwenyewe, uiweke dukani, upige, ufungue intaneti. Lakini kabla ya safari, waulize majirani ni mtandao gani unashika vizuri kijijini kwenu. Mtu wa Rubondo asitegemee habari za Base Camp.

Nne, simu ya mtumba. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, tarakimu 15, na kama kuna boksi, zifanane. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake ya Google, aifute simu na kuiwasha upya ukiwa unatazama. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, rudisha, maana simu hiyo huenda imeibiwa.

Tano, zawadi kutoka nje. Ndugu zetu walio Marekani wana moyo wa kutuma simu, Mungu awabariki. Lakini simu nyingine za kule zimefungwa kwa kampuni moja, laini ya huku haisomi. Na iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina kabisa pa kuingiza laini. Zinatumia eSIM, laini isiyoshikika kwa mkono. Mwambieni ndugu yenu kabla hajatuma, si baada ya kufika.

Neno la mwisho ni juu ya laini yenyewe. Simu ikivunjika utanunua nyingine, lakini namba ikipotea, umepotea kwa wote wanaokutafuta. Wengi wetu tulisajili laini kwa jina la rafiki. Rafiki akihama au mkigombana, hutaweza kuirudisha. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda, UCC, ilikubali mkimbizi asajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au kwa barua ya uthibitisho ya familia. Tumieni haki hiyo. Na namba iandikwe kwenye karatasi nyumbani, kila mtoto aijue kwa kichwa.

Kwa familia yenye pesa kidogo, ushauri wetu ni huu: simu ndogo kwa mama, iwe hewani siku zote, na simu kubwa moja ya nyumba nzima, ifunguliwe kwa kazi. Sisi tuliongeza simu moja ya namna hiyo, na sasa ndiyo inaigawia intaneti ile tableti yetu.

Msichana yule ameomba tena mwaka huu. Ametuma mapema, mchana, simu ikiwa imejaa chaji. Tunangoja jibu pamoja naye.

Wenye maswali mtuletee darasani baada ya vipindi. Tukutane mwezi ujao.

Ni sisi walimu wenu.