UCHANGANUZI: Taa ya sola yafichua siri ya uvumbuzi na pengo katika sheria

KWA muda mrefu, Wakenya wameaminishwa kuwa uvumbuzi ni kazi ya mtu mmoja mwerevu, aliyejifungia katika maabara hadi akapata jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani. Historia ya taa ya sola inayolipiwa kwa simu, ambayo imesambaa katika nyumba nyingi za mashambani tangu 2012, inatoa picha tofauti kabisa.

Hakuna sehemu hata moja ya kifaa hicho iliyovumbuliwa kwa ajili ya mwanakijiji wa Kenya. Seli ya silikoni inayogeuza miale ya jua kuwa umeme ilizinduliwa 1954 na wanasayansi wa maabara za Bell katika jimbo la New Jersey, Marekani. Miaka minne baadaye ilikuwa ikiendesha redio ya setilaiti ya Vanguard 1 angani. Mwanga mweupe wa taa zisizokula umeme mwingi uliwezekana kutokana na kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Kadi ya simu ilitengenezwa Ujerumani 1991.

Hata desturi ya kuchukua bidhaa na kuilipia kidogo kidogo si ngeni. Sheria ya Kenya inayosimamia ununuzi wa aina hiyo ilipitishwa na Bunge mwaka wa 1968.

Kilichokuwa kipya, basi, ni mkutano wa vitu hivyo vyote. Mwanauchumi Joseph Schumpeter alilieleza jambo hili tangu 1911, aliposema kuwa maendeleo ya uchumi hutokana na kuunganisha upya vitu ambavyo tayari vipo. Wahenga nao walikuwa wameshasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Kiungo kilichokosekana kwa miaka mingi kilikuwa njia rahisi ya kulipa. Kiungo hicho kilipatikana Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilipozindua M-Pesa. Huduma hiyo yenyewe ilikuwa zao la kuunganisha mambo: ujumbe mfupi wa simu, nambari ya siri, na mtandao wa maduka madogo yaliyozoea kuuza kadi za muda wa maongezi. Ilipofanyiwa majaribio 2005, nia ilikuwa kuwasaidia wateja wa mashirika ya mikopo midogo kulipa madeni yao. Wananchi ndio walioonyesha kuwa haja yao kubwa ilikuwa kutumiana pesa.

Si ajabu kwamba Nick Hughes, mmoja wa walioianzisha M-Pesa akiwa na kampuni ya Vodafone, alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa M-KOPA, kampuni iliyoanza kuuza mitambo ya sola kwa mkopo nchini mwaka wa 2012. Mteja alitoa malipo ya kwanza, akapewa paneli, taa, redio na kifaa cha kuchaji simu, kisha akawa analipa takriban Sh50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Ndani ya kisanduku cha betri mliwekwa kadi ya simu. Malipo yakiingia kupitia M-Pesa, kisanduku hupokea amri ya kuwasha umeme. Malipo yakikosekana, umeme hufungwa kutoka mbali.

Hapa ndipo siri ya uvumbuzi wa aina hii ilipo. Kila fani ilitatua tatizo ambalo fani nyingine ilishindwa kulitatua. Wahandisi wa sola walikuwa na kifaa kizuri ambacho maskini hakumudu kukinunua kwa mkupuo mmoja. Benki zilikuwa na pesa, lakini hazikuwa na sababu ya kumwamini mtu asiye na hatimiliki ya shamba wala hati ya mshahara. Kadi ndogo ya simu iliifanya paneli yenyewe kuwa dhamana ya mkopo. Familia iliyokuwa ikitumia pesa zake kila siku kununua mafuta taa ya koroboi ikaweza kuzielekeza katika mtambo ambao mwishowe ungekuwa mali yake.

Hata hivyo, kitu kilichoundwa kwa viungo vingi kina udhaifu wake: kiungo kimoja kikiguswa, mwili mzima huuma. Serikali haijaonyesha kwamba inalielewa jambo hili, kwa kuwa ofisi zake zimegawanywa kwa fani. Kawi ina mdhibiti wake, mawasiliano yana mamlaka yake, malipo na mikopo viko chini ya Benki Kuu ya Kenya (CBK), nayo Hazina ya Kitaifa huviona vyote kama vyanzo vya ushuru.

Matokeo yake yameshuhudiwa mara kwa mara. Mwaka wa 2013, sheria mpya ya VAT iliondolea vifaa vya sola msamaha wa ushuru, kisha msamaha huo ukarejeshwa 2014. Mwaka wa 2020 uliondolewa tena, ukarudishwa Julai 2021. Wakati huo huo, ushuru unaotozwa ada za kutuma pesa kwa simu ulikuwa ukipanda: asilimia 10 mnamo 2013, asilimia 12 mnamo 2018, na asilimia 15 mnamo 2023.

Kila hatua kati ya hizo inaweza kutetewa ikitazamwa peke yake. Tatizo ni kuwa mtu anayelipia taa yake kwa simu husimama mahali ambapo hatua zote hukutana. Katika kipindi cha 2020 hadi 2021, sera ya ushuru ilimpandishia gharama ya paneli huku ada za njia ya kuilipia zikiendelea kutozwa ushuru, ilhali sera ya kawi ya serikali hiyo hiyo ilimhimiza aachane na koroboi.

Pengo kubwa zaidi liko katika haki za mnunuzi. Sheria ile ya 1968 inamzuia muuzaji kumpokonya mteja bidhaa bila kwenda kortini iwapo mteja ameshalipa thuluthi mbili za bei. Waliotunga kifungu hicho walikuwa wakimfikiria mtu anayekuja na lori kubeba fanicha. Hawakuwa na namna ya kujua kwamba siku moja bidhaa ingeweza kubaki ukutani huku manufaa yake yakiondolewa kwa ishara ya simu. Je, aliyelipa thuluthi mbili na kufungiwa taa amepokonywa mali au la? Swali hilo linahitaji jibu la wazi katika sheria, hasa kwa kuwa ufunguo wa aina hiyo sasa hutumiwa pia katika simu za kisasa zinazouzwa kwa mkopo.

Wanaotetea ufunguo huo wana hoja nzito. Bila huo, muuzaji angedai dhamana nyingine, na mkulima asiye na hatimiliki angerudi gizani kabisa. Lakini mapato ya mkulima huja kwa msimu, ilhali deni lake huhesabiwa kwa siku. Mvua ikikosekana, wanaokosa mwanga wa kusomea ni watoto ambao hawakutia saini mkataba wowote.

Yapo yaliyofanywa. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya CBK, na mnamo Desemba 2024 mamlaka ya benki hiyo yalipanuliwa ili kujumuisha wakopeshaji wengine wasiopokea amana. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini CBK ni mjuzi wa fedha. Haina sababu ya kujua familia huathirika vipi taa inapozimwa, jinsi mdhibiti wa kawi asivyokuwa na sababu ya kukagua riba.

Kinachohitajika ni meza moja ambapo wadhibiti hao watakaa pamoja kabla ya ushuru kubadilishwa au kanuni kuandikwa, wakiangalia kifaa kizima na mtu anayekitumia. Siku chache za msamaha kwa aliyekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni, kwa mfano, ni jambo linalohitaji mhandisi, mwanasheria na mtaalamu wa mikopo waafikiane.

Taa hii iliwaka kwa sababu watu wa fani mbalimbali walikubali kuvuka mipaka ya kazi zao. Mipaka ya ofisi za serikali isiposogezwa vivyo hivyo, gharama itaendelea kubebwa na mwenye nyumba anayesubiri ujumbe wa simu ili mwanga urudi.