JIKO LETU: Asali, makrobiotiki na uji wa mtoto



Mwezi huu mama mmoja alituletea swali. Dada yake aliyehamia Marekani alimpigia simu akamwambia kwamba kule watu wanaojali afya wameacha sukari, wanakula chakula kinaitwa makrobiotiki, na uji wanatia asali. Basi mama akauza maharage kidogo ya mgao, akaenda sokoni Giteranyi, akarudi na chupa ya asali, ubuki kama wanavyosema majirani zetu Warundi. Akauliza: ampe na mtoto wake wa miezi saba?

Tujibu hilo kwanza maana halingoji. Hapana, mama. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, hata ya kulamba kwenye kidole, hata ikichemshwa ndani ya uji. Asali inaweza kubeba vijidudu vilivyolala ambavyo moto wa jikoni hauviui, na tumbo la mtoto mdogo bado halina nguvu ya kuvizuia. Vikiamka vinatoa sumu inayolegeza mwili. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Siyo wa kila siku, lakini ni mbaya sana. Mtoto anafunga choo, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya bila nguvu, shingo inalegea. Ukiona hivyo kimbia kituo cha afya siku ile ile, na useme kama alilamba asali. Tunajua wapo wamama wazee wanaomlambisha mtoto asali siku ya kuzaliwa. Tunawaheshimu, ila kwa hili tunawaomba waache. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake.

Sasa hiyo makrobiotiki. Aliyeieneza ni Mjapani George Ohsawa, aliyefariki mwaka 1966, na baada yake Michio Kushi huko Marekani. Wanakula nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, wanapunguza nyama na maziwa, sukari nyeupe wanaikataa. Sisi tulicheka kidogo: ugali wa mtama, maharage na lengalenga, kumbe tulikuwa wanamakrobiotiki bila kujua! Ila kuna jambo dada hakulisema. Wengi katika hao hata asali hawaitumii sana, wanasema utamu wake ni mkali mno. Wao wanapendelea utamu wa kimea cha shayiri, au boga na karoti zilizopikwa polepole.

Na ukiipima asali, karibu sehemu 80 katika 100 ni sukari, na nyingi ya inayobaki ni maji. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliiweka asali katika fungu moja na sukari zinazotakiwa kupunguzwa. Kwa hiyo mwenye kisukari asidanganywe eti asali haina neno. Uzuri wake tunaukubali: kidogo kinatosha, na mtoto aliyepita mwaka akiwa na kikohozi, kijiko kidogo kinaweza kumtuliza usiku.

Kinachotusumbua sisi ni yale maharage yaliyouzwa. Uholanzi, miaka ya 1980, watafiti waliwafuata watoto wadogo wa familia zilizoshika makrobiotiki kwa ukali. Walikuta watoto hawakui vizuri, wengine mifupa imelegea, na vitamini B12 inapungua. Wazazi walishauriwa kuongeza mafuta, samaki na maziwa. Hao walikuwa watu wenye duka jirani. Sisi tunaosubiri mgao tukiondoa maharage na mafuta ili tupate utamu, mtoto atakua na nini?

Na utamu wenyewe tunao. Wanaopika impeke wanajua kuotesha nafaka, hiyo ndiyo kazi ile ile ya kimea cha shayiri. Tanzania nako, miaka hiyo hiyo ya 1980, wataalamu wa lishe walichunguza unga wa kimea kwa uji wa watoto. Chukua ulezi, loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uchipue. Anika juani ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, kisha saga. (Mtama tusiutumie kwa watoto, vichipukizi vyake vina sumu.) Pika uji mzito wa ulezi au sosoma, epua, ngoja upunguze moto, halafu tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utashangaa: uji ule mzito unakuwa laini na una utamu wake, siyo mwingi kama wa asali, lakini mtoto anaukubali. Rudisha motoni uchemke tena. Hivyo mtoto anapata unga mwingi ndani ya kikombe kile kile, siyo maji. Ongeza kijiko cha mafuta, ndagala zilizotwangwa vizuri, na boga lililopondwa kama lipo.

Yule mama alijaribu Jumamosi iliyopita. Uji wa kwanza ulishika chini kwa sababu alisahau kukoroga, wa pili mtoto alimaliza. Chupa ya asali ameining'iniza juu kwenye mti wa paa, anasema itashuka mtoto akitimiza mwaka, kama kaka zake hawataifikia kwanza.